Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Kampuni Yetu: Ujumbe wa Kudhalilisha Usiripotiwe kwa Anayeutuma

Dar es Salaam

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi
Mkurugenzi Mtendaji
Mkuu wa Idara ya Rasilimali Watu

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: KUWAPA WAFANYAKAZI NJIA SALAMA YA KURIPOTI UJUMBE USIOFAA KWENYE TEAMS (MFUMO WA MICROSOFT WA MAZUNGUMZO YA KAZINI) NA KWENYE MAGRUPU YA WHATSAPP YA KAZI

Salamu za kazi.

Nawaandikia kwa niaba ya wafanyakazi wa kituo cha huduma kwa wateja, wengi wao mabinti na vijana wanaopokea simu kwa zamu, usiku na mchana. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu hatuna nia ya kuichafua kazi inayotulisha. Ninyi mnajijua na sisi mnatujua. Tumeandika rasmi kupitia Idara ya Rasilimali Watu (HR). Tumekaa kwenye kikao cha idara tukaambiwa suala linafanyiwa kazi. Tumepiga hodi TEHAMA, tukaambiwa wanasubiri maelekezo kutoka juu. Huko juu ni kwenu, na kwa kuwa barua za ndani hazikujibiwa, tumeamua kusema hadharani.

Tunataka mfanyakazi anayetumiwa ujumbe wa kumdhalilisha kwenye mfumo wa kazi aweze kuuripoti palepale ulipo, na ripoti hiyo iende kwa mtu ambaye si bosi wake na hafanyi kazi chini ya bosi wake. Leo njia hiyo haipo. Njia iliyopo inaanzia kwa msimamizi wa zamu, na mara nyingi msimamizi wa zamu ndiye aliyeandika huo ujumbe.

Hoja zetu ni hizi.

1. Lalamiko linapita mkononi mwa mlalamikiwa

Kitabu chetu cha taratibu kinasema mwenye lalamiko amwone kwanza msimamizi wake wa karibu, asiporidhika aende kwa meneja wa kitengo, ndipo afike HR. Utaratibu huo unafaa kwa kiti kilichovunjika au hedifoni mbovu. Haufai kwa binti ambaye saa nne na nusu usiku, akiwa amejilaza nyumbani kwao Mbagala, simu inalia na kuleta ujumbe wa Teams kutoka kwa msimamizi: "Mbona leo umeninunia? Ratiba ya wiki ijayo bado sijaifunga." Mwenyewe ameniruhusu nieleze haya, mtaa nimeubadilisha ili asitambulike.

Utazameni vizuri ujumbe huo. Hauna tusi hata moja. Mtu asiyefanya kazi kwetu angeusoma akaupita. Lakini kila anayepokea simu kwenye kituo chetu anajua maana ya ratiba ambayo haijafungwa. Ikifungwa vibaya, unapangiwa zamu inayoisha saa nane usiku, daladala hakuna, na posho ya usafiri haifiki nusu ya nauli ya bodaboda. Binti akajibu: "Samahani bosi, nilikuwa nimechoka tu." Jibu likaja muda huohuo: "Basi nitumie picha nione kama bado umechoka." Likafuatiwa na kopa.

Kesho yake alipopata ujasiri wa kumwonyesha mwenzake, mahali pa ujumbe wa pili palionyesha tu kwamba ujumbe umefutwa. Wa kwanza ulikuwa umehaririwa, ukabaki: "Ratiba ya wiki ijayo bado sijaifunga." Anayeyasoma mazungumzo hayo sasa anamkuta msimamizi anayejituma mpaka usiku na mfanyakazi anayeomba radhi kwa jambo lisilojulikana. Kwa utaratibu wenu, binti huyo alitakiwa aende kulalamika kwa msimamizi wake wa karibu.

2. Ushahidi unafutwa na mkosaji mwenyewe, kisha mwathirika anadaiwa skrinishoti

Kila tunapofika HR tunaambiwa, "Leteni skrinishoti." Naomba uongozi ufike kwenye ukumbi wetu wa simu uone jinsi agizo hilo lisivyotekelezeka. Simu zetu binafsi tunaziacha kwenye makabati kabla ya kuingia, kwa sababu kwenye skrini zetu kuna namba za wateja, salio zao na vitambulisho vyao. Kompyuta zimefungiwa uwezo wa kupiga picha ya skrini, kwa sababu hiyohiyo. Katazo hilo tunaliunga mkono, linamlinda mteja. Ila matokeo yake ni kwamba mtu akitumiwa uchafu saa tano asubuhi akiwa kwenye zamu, hana namna ya kuuhifadhi bila kuvunja kanuni. Yupo mwenzetu aliyetoka na karatasi aliyonakili maneno kwa kalamu. Akaambiwa karatasi si ushahidi. Angeingia na simu akapiga picha, angeitwa kwenye kamati ya nidhamu kabla ya aliyemtukana.

Wakati huohuo, kwenye Teams ni msimamizi wa mfumo anayeamua kama watumiaji wanaweza kufuta au kuhariri ujumbe waliokwisha kuutuma. Ni mipangilio miwili tu kwenye sera za ujumbe. Kwetu yote miwili imeachwa wazi kwa kila mtu, wasimamizi wakiwemo. Mahali hapohapo pana mpangilio wa tatu, wa kumruhusu mtumiaji aripoti ujumbe usiofaa: unabonyeza vitone vitatu kando ya ujumbe, unachagua kuripoti, na nakala inakwenda kwa watu waliopewa kazi ya kuzipitia. Aliyeutuma hapewi taarifa. Kwetu mpangilio huu umezimwa. Kwa hiyo kati ya hiyo mitatu, yenye faida kwa mkosaji iko wazi na ule unaomsaidia mwathirika umefungwa. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ila hivyo ndivyo ilivyo, na mwenye mamlaka ya kubadilisha ni ninyi.

Kisheria pia skrinishoti ina kasoro zake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini katika kuupima inaangalia ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na jinsi aliyeutuma alivyotambuliwa. Picha ya simu iliyopita kwenye WhatsApp za watu watano haiwezi kushindana na kumbukumbu iliyobaki ndani ya mfumo wa kampuni, ikiwa na jina la mtumaji, tarehe na saa.

3. Wanaochaguliwa ni wale wasio na kinga

Ujumbe wa aina hii haumfikii kila mtu. Wakongwe hawatumiwi. Wanatumiwa walio kwenye kipindi cha matazamio na wenye mikataba ya miezi michache michache. Sababu yake iko kwenye sheria yenyewe. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema masharti ya kuzuia kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Msimamizi anaijua miezi hiyo sita kuliko binti anavyoijua. Anajua kwamba akimwandikia ripoti mbaya ya matazamio, hakuna atakayeuliza. Ndiyo maana kuwaambia wafanyakazi wapya "semeni tu, msiogope" hakusaidii. Wana sababu ya kuogopa, na ulinzi ambao sheria haijawapa katika miezi hiyo unaweza kutoka kwenu tu.

4. Magrupu ya WhatsApp ni ofisi isiyo na mwenyewe

Ratiba ya zamu inatumwa kwenye grupu la WhatsApp. Mabadiliko ya dakika za mwisho, huko huko. Msiba wa mwenzetu, huko huko. Kwa hiyo hakuna anayeweza kujitoa. Tumewekwa humo kwa namba zetu binafsi, na kila aliyemo anaziona, hata wa matawi ambayo hatujawahi kuyafika. Namba inaondoka kwenye grupu, inaingia inboksi, na usiku mtu usiyemjua anakuandikia "mambo mrembo, nimekuona kwenye grupu la kazi". Namba ya simu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Ilikusanywa kwa ajili ya ajira, si kwa matumizi hayo.

Ndani ya magrupu yenyewe zinatumwa stika na video ambazo sitazieleza hapa. Mwenye uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu mwingine ni admini, na maadmini ni wasimamizi walewale. Aliyewahi kuandika "jamani, tuheshimiane, hili ni grupu la kazi" alijibiwa na vicheko, kisha akaitwa mlokole kwa wiki nzima.

HR walituambia tutumie kitufe cha kuripoti kilichomo WhatsApp. Kitufe hicho kipo, na kinapeleka hadi jumbe tano za mwisho za anayeripotiwa kwa kampuni ya WhatsApp yenyewe. Wao wanaweza kuifungia namba. Hawawezi kumwita mtu kwenye kamati ya nidhamu, hawaijui ratiba yetu, na hawatawaletea ninyi taarifa yoyote. Mwajiri anayemwelekeza mfanyakazi wake huko amemkabidhi mtu mwingine wajibu ulio wake.

5. Sanduku la maoni

Lipo mapokezi, chini ya kamera, mkabala na mlango wa meneja. Ufunguo anao karani wa meneja. Sina la kuongeza.

Ndugu viongozi, kwa kuwa tumeshazisikia sababu zinazotolewa, tunaona ni vyema tuzijibu kabisa.

Ya kwanza ni "ule ni utani tu". Hii nataka niikalie, kwa sababu inaumiza kuliko zote. Kuna msimamizi aliyejitetea kwamba yeye ni Mnyamwezi na binti ni Mzaramo, watani wa jadi, na kwamba aliyekasirika hajui mila. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unasimuliwa tangu enzi za misafara ya Tabora na Bagamoyo, na wazee wetu waliuwekea mipaka. Mtani anakutania mbele za watu, na wewe unamrudishia mbele za watu, kwa ukali uleule, wala hakuna mkubwa kati yenu. Akikuchukulia kuku wako leo, kesho unachukua mbuzi wake. Siku ukifiwa, ni yeye anayekuja kubeba kazi nzito za msiba na kuwachekesha waliao. Huo ndio utani tuliolelewa nao. Utani wa bosi kwa mtu wa matazamio, saa nne usiku, faraghani, ambao aliyeutumiwa hathubutu kuurudisha na aliyeutuma anaufuta kabla hakujapambazuka, mila gani inaukubali? Mtani wa kweli hafuti alichosema. Angefurahi kisikike mpaka kwa shangazi.

Ya pili, kwamba watu watachafuana kwa ripoti za uongo. Hofu hii inaeleweka, maana ofisi ina chuki zake, na hatutaki mtu asiye na kosa apoteze kazi. Lakini angalieni kitufe cha kuripoti cha Teams kinavyofanya kazi: hakibebi maneno ya mlalamikaji, kinabeba ujumbe wenyewe kama ulivyotumwa. Huwezi kuripoti ujumbe ambao haukuandikwa. Hali ya sasa, ya skrinishoti zinazoweza kukatwa kichwa na miguu na minong'ono ya kwenye kantini, ndiyo inayompa muongo nafasi. Njia tunayoiomba inamlinda na aliyesingiziwa pia.

Ya tatu, kwamba mazungumzo ni siri ya watu na kampuni haitaki kuwapeleleza wafanyakazi. Nasi hatutaki mtupeleleze. Hatuombi mtu akae akisoma tunachoandikiana. Ujumbe unaofunguliwa ni ule tu ambao aliyeupokea ameamua kuuonyesha, na hiyo ni haki yake kama ambavyo ana haki ya kumwonyesha mtu barua aliyoandikiwa. Hata huko ripoti zinakopitiwa, kwenye huduma ya Microsoft Purview, majina ya wahusika kwa kawaida hufichwa mpaka mwenye ruhusa maalumu ayafunue. Waliotengeneza mfumo waliifikiria hofu hiyo kabla yetu.

Ya nne ni gharama. Tumeelezwa kwamba leseni zetu ni za daraja la chini na hazina huduma hiyo. Inawezekana ni kweli. Basi mipangilio ya kufuta na kuhariri inabadilishwa bila kununua chochote. Na wakati mnajadili leseni, fungueni anwani moja ya barua pepe ambayo mfanyakazi anapeleka taarifa yake, na waruhusuni TEHAMA kuutoa ujumbe husika kwenye mfumo kwa amri ya kamati badala ya kumdai mwathirika picha. Tunajua kampuni ina uwezo wa kuyatafuta mazungumzo ya zamani ikitaka. Mwaka jana yalitafutwa, yakapatikana, mteja mmoja alipodai kuwa taarifa zake zimevuja.

Ya tano, kwamba tabia ya mtu haiwezi kurekebishwa na kitufe. Tabia, hapana. Madhara, ndiyo. Machi 2021 kampuni ya Slack, ambayo nayo inatengeneza mfumo wa mazungumzo ya kazini, ilitoa huduma ya kumwalika mtu wa nje ya kampuni yako kwa ujumbe unaouandika mwenyewe. Watumiaji wakaonyesha mara moja kwamba yeyote angeweza kumtumia yeyote matusi kwa njia hiyo, na kwamba mialiko ilifika kutoka anwani ya jumla ya Slack, kwa hiyo kumzuia mtumaji mmoja ilikuwa vigumu. Ndani ya siku hiyohiyo Slack wakaiondoa sehemu ya kuandika ujumbe kwenye mwaliko, wakakiri wamekosea. Hawakuwatangazia watu semina ya maadili. Walibadilisha mfumo.

Na ya mwisho, "mlango wangu uko wazi". Ndugu Mkurugenzi, hili ulilisema wewe kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, na tunaamini ulimaanisha. Ila mlango wako uko ghorofa ya sita, na kufika huko inahitajika ruhusa ya kutoka kwenye zamu. Ruhusa hiyo inatolewa na msimamizi wa zamu.

Sheria haiko kimya juu ya haya. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi, jinsia ikiwa mojawapo ya misingi yake, kuwa ni ubaguzi, na kinamtaka mwajiri awe na mpango wa kuuondoa, uliosajiliwa kwa Kamishna wa Kazi. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu kinagusa udhalilishaji wa kingono kwa maneno, na hakikumsahau mwenye mamlaka mahali pa kazi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kumnyanyasa mtu kwa njia ya kompyuta. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019, unataja waziwazi mawasiliano ya kikazi yanayofanyika kwa teknolojia kuwa ni sehemu ya ulimwengu wa kazi. Majirani zetu Uganda na Rwanda waliuridhia 2023. Kwa hiyo anayesema kwamba yaliyoandikwa saa nne usiku kwenye Teams "hayakutokea kazini" anakwenda kinyume na mwelekeo wa dunia ya kazi.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Mpangilio wa kuripoti ujumbe usiofaa uwashwe kwenye Teams kwa wafanyakazi wote, wa mkataba na wa matazamio wakiwemo. Kama leseni haitoshi, ifunguliwe anwani ya barua pepe ya muda tuliyoitaja, na mtuambie kwa maandishi leseni itapatikana lini.

(b) Uwezo wa kufuta na kuhariri ujumbe uliotumwa uondolewe kwa wasimamizi na mameneja katika mazungumzo na walio chini yao. Mkiona ni rahisi zaidi kuuondoa kwa wote, hatuna pingamizi.

(c) Ripoti zipokelewe na watu watatu: mmoja kutoka HR makao makuu, mmoja mwakilishi wa wafanyakazi na mmoja kutoka idara isiyohusika na kituo chetu. Angalau wawili wawe wanawake. Hapa ndipo kiini cha barua nzima kilipo. Mkiwasha kitufe kisha ripoti zikaenda kwa meneja wa kituo, mtakuwa mmemrahisishia yeye kujua nani amesema, na ni afadhali kisiwashwe kabisa.

(d) Mtoa taarifa ajulishwe kwa maandishi ndani ya siku tatu za kazi kwamba taarifa yake imefika, na aelezwe hatua iliyochukuliwa hata kama hatua hiyo ni kuona kwamba hapakuwa na kosa. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi inatakiwa ifikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kila wiki mnayokaa kimya inakatwa kwenye siku za mlalamikaji.

(e) Kwa muda wa miezi sita baada ya mtu kuripoti, ratiba yake, tathmini yake ya matazamio na uamuzi wa kumwongezea mkataba visipitishwe na aliyeripotiwa. Vipitishwe na kamati hiyo. Bila hili, hakuna atakayebonyeza chochote.

(f) Ratiba na matangazo ya kazi vihamie Teams, na magrupu ya WhatsApp yabaki kwa anayependa. Namba zetu ziondolewe kwa asiyezihitaji kikazi.

(g) Sera ya maadili iandikwe upya kwa Kiswahili, ikiwa na mifano ya ujumbe usiokubalika, ujumbe usio na tusi ukiwemo. Iliyopo ni ya Kiingereza cha mawakili, na tunaisaini siku ya kwanza kazini tukiwa tumesimama mapokezi. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Sera ya kampuni haiwezi kushindwa.

Hatuombi mtu yeyote afukuzwe kwa barua hii. Waliotajwa ndani ya ofisi kwa majina, mashauri yao yaendeshwe kwa haki, wasikilizwe, na wakionekana hawana kosa wasafishwe hadharani.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu leo, likieleza kipengele kwa kipengele kipi kimekubaliwa, kipi kimekataliwa na kwa nini. Tuko tayari kukaa mezani siku yoyote, hata nje ya saa za zamu, na mtaalamu wa TEHAMA awepo ili asiwepo wa kusema jambo haliwezekani bila kulijaribu mbele yetu. Siku hizo zikipita bila jibu, tutapeleka nakala ya barua hii pamoja na kumbukumbu tulizonazo kwa Kamishna wa Kazi, na wenzetu ambao mashauri yao bado yamo ndani ya muda watafungua migogoro yao Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakisindikizwa na chama cha wafanyakazi.

Wenu katika ujenzi wa kampuni,

Mwakilishi wa wafanyakazi
Kituo cha huduma kwa wateja

Nakala:
Wajumbe wote wa Bodi
Mkuu wa Idara ya TEHAMA
Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi
Mbao za matangazo, ghorofa zote